Jean Civiale: Tabibu aliyesaga mawe ya kibofu bila kisu

MGONJWA anayetibiwa mawe ya figo kwa miale ya leza siku hizi huweza kurejea nyumbani baada ya siku moja au mbili, mara nyingi bila jeraha hata dogo mwilini mwake. Daktari hupitisha chombo chembamba katika njia ya mkojo, akalifikia jiwe, akalivunjavunja papo hapo lilipo.

Wazo hilo la kulifuata jiwe kupitia njia ya maumbile badala ya kumpasua mgonjwa ni kongwe kuliko leza, ni kongwe kuliko umeme wa majumbani, na hata kuliko dawa ya usingizi. Aliyelithibitisha mbele ya mashahidi alikuwa Mfaransa, Jean Civiale, na tarehe ilikuwa Januari 13, 1824.

Civiale alizaliwa Julai 1792 katika kijiji cha Thiézac, eneo la milima la Cantal, Auvergne. Ufaransa ilikuwa imo katika msukosuko wa mapinduzi, na miezi michache baadaye ufalme ukafutwa. Familia yake haikuwa na ukwasi wala jina. Kijana huyo alifunga safari hadi Paris kusomea utabibu, akapata nafasi ya kujifunza katika hospitali ya Hôtel-Dieu chini ya Guillaume Dupuytren, mpasuaji aliyesifika na kuogopwa kuliko wote jijini humo.

Katika wodi za Hôtel-Dieu ndiko alikokutana na maradhi yaliyotawala maisha yake yote.

Mawe ya kibofu cha mkojo yalikuwa janga la kawaida barani Ulaya wakati huo. Yaliwapata wazee, lakini yaliwapata pia watoto wengi wa kiume wa maskini, waliolelewa kwa vyakula vya nafaka pasipo maziwa wala nyama ya kutosha. Aliyeugua alishindwa kukojoa, akatokwa na damu, na kila hatua aliyopiga ilikuwa mateso. Baadhi ya mawe yalikua hadi kutoshana na yai la kuku.

Tiba ya uhakika ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa kisu. Mgonjwa alilazwa chali na kufungwa miguu, wasaidizi wenye nguvu wakamshikilia, kisha mpasuaji akakata msamba hadi ndani ya kibofu na kulivuta jiwe kwa koleo. Dawa ya usingizi haikuwepo, kwani matumizi ya etha hayakuonyeshwa hadharani hadi mwaka 1846 mjini Boston, Marekani. Hakuna aliyejua habari za vijidudu vinavyoozesha vidonda. Waliosalimika kifo waliweza kubaki wakivuja mkojo maishani mwao, au wakapoteza nguvu za kiume.

Hatari hiyo ilikuwa ikijulikana tangu kale. Kiapo kinachohusishwa na Hippocrates, tabibu wa Wayunani, kilimkataza daktari kumpasua mtu mwenye mawe, kazi hiyo ikiachiwa mafundi wake. Kwa karne nyingi mafundi hao walizunguka mji hadi mji, na wengine waliondoka kabla ya hatima ya wagonjwa wao kujulikana.

Civiale, akiwa bado mwanafunzi, alijiuliza kama hakuna njia nyingine. Kwanza alifikiria kuliyeyusha jiwe kwa dawa. Ugumu ukawa kwamba kioevu chenye nguvu za kula jiwe kingekula pia kuta za kibofu. Ndipo alipogeukia vyombo. Mwaka 1818 aliiandikia serikali, kupitia waziri wa mambo ya ndani, kuomba msaada wa kuviunda.

Wapo waliokuwa wamemtangulia kwa fikra. Mnamo 1813 Franz von Paula Gruithuisen, tabibu wa Bavaria, alikuwa ameonyesha kwamba bomba lililonyooka laweza kupita katika njia ya mkojo ya mwanamume hadi kibofuni. Lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu ilidhaniwa kwamba njia hiyo yenye kona haiwezi kupitisha ila bomba lililopindwa. Gruithuisen baadaye aliuacha utabibu, akawa mwanafalaki, na akadai kuwa ameona mji juu ya mwezi. Huenda dai hilo liliwafanya wengi wausahau ugunduzi wake wa kweli.

Chombo alichokiunda Civiale kilikuwa bomba la chuma lililonyooka, lenye bomba jingine jembamba ndani yake. Kikishaingia kibofuni, bomba la ndani lilisukumwa mbele, na ncha yake ikafunguka kuwa vidole vitatu vilivyolidaka jiwe. Katikati ya vidole hivyo ilipita keekee, iliyozungushwa kwa uta kama ile ya seremala. Jiwe lilitobolewa hapa na pale hadi likalegea na kuvunjika, na vipande vikatoka na mkojo.

Kazi yote hiyo ilifanywa gizani. Darubini ya kuchungulia kibofu, iliyobuniwa na Mjerumani Max Nitze, ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1870. Civiale alitegemea vidole vyake na sikio lake, akilitambua jiwe kwa mguso na mlio wa chuma. Kosa dogo lingemfanya adake ukuta wa kibofu badala ya jiwe, akautoboa. Alijizoeza kwanza kwa maiti, na inasimuliwa kwamba aliuzoeza mkono wake hadi ukawa mwepesi kupita kiasi.

Januari 1824 alimfanyia mgonjwa wa kwanza, mwanamume wa miaka 32, mbele ya wajumbe wawili wa Akademia ya Sayansi ya Paris. Mmoja alikuwa Percy, mpasuaji mkongwe wa majeshi ya Napoleon, na wa pili Chaussier, mtaalamu wa maumbile ya mwili. Jiwe lilisagwa kwa vikao vichache katika muda wa majuma machache, na mgonjwa akapona. Ripoti ya wajumbe hao iliutaja ufundi huo kuwa fahari ya upasuaji wa Ufaransa na faraja kwa wanadamu.

Sifa hizo zilileta ugomvi mara moja. Leroy d'Étiolles na Amussat, ambao nao walikuwa wakiunda vyombo vya aina hiyo, walidai kwamba Civiale amejitwalia jasho la wenzake. Malumbano yaliendelea kwa miaka mingi katika vijitabu na vikao vya wasomi. Ni kweli kwamba vidole vitatu vya chombo hicho vilifanana na vya wapinzani wake. Ni kweli pia kwamba Civiale ndiye aliyekitia kibofuni mwa mtu aliye hai, mbele ya macho ya mashahidi, na mtu huyo akainuka mzima.

Chombo chenyewe hakikudumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1830 Baron Heurteloup alileta kingine chenye taya mbili zilizopinda, kilicholigonga jiwe kwa nyundo. Keekee ikaanza kuwekwa kando, na Civiale mwenyewe hatimaye akavikubali vyombo vya taya mbili.

Wakati huo alikuwa amekwisha kutengewa vitanda katika Hospitali ya Necker mjini Paris, kwa ajili ya wagonjwa wa mawe. Idara hiyo huhesabiwa kuwa ya kwanza duniani kushughulikia maradhi ya njia ya mkojo peke yake. Maskini walitibiwa humo, huku matajiri na watu wa nasaba kutoka nchi mbalimbali za Ulaya wakimwita majumbani mwao. Alipata mali nyingi.

Pengine jambo lake kubwa kuliko vyombo ni hesabu. Civiale alikusanya rekodi za upasuaji wa mawe kutoka hospitali za nchi mbalimbali za Ulaya, zikahusu maelfu ya wagonjwa, akazilinganisha na rekodi za waliosagiwa mawe. Matokeo yalitisha. Katika kila wagonjwa 100 waliopasuliwa kwa kisu, karibu 19 walikufa. Kwa njia yake walikufa kama wawili.

Mwaka 1835 Akademia ya Sayansi iliteua tume kuichunguza kazi hiyo. Ndani yake walikuwamo Poisson, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne hiyo, Dulong mwanafizikia, Larrey aliyekuwa mpasuaji wa Napoleon, na tabibu Double. Tume haikuridhika. Ilishikilia kwamba takwimu huzungumzia umati na kuusahau upekee wa kila mtu, ilhali daktari daima anamhudumia mgonjwa mmoja mwenye hali yake. Katika Akademia ya Tiba nako, mpasuaji Velpeau alizishambulia takwimu hizo vikali.

Wapinzani hao hawakukosa hoja. Civiale alikuwa mshitaki na hakimu katika kesi moja, maana alipima njia ya wengine dhidi ya njia iliyomletea jina na fedha. Zaidi ya hayo, wagonjwa hawakuwa sawa. Waliofaa kusagiwa mawe walikuwa wenye jiwe dogo, kibofu kizima na afya nzuri. Watoto wadogo, ambao njia yao ya mkojo ni nyembamba mno, pamoja na wazee wenye mawe makubwa, waliachiwa kisu. Anayechagua wagonjwa wepesi hana budi kupata vifo vichache.

Leo mtafiti angeulizwa maswali hayo hayo kabla ya matokeo yake kuchapishwa. Hata hivyo, Civiale alishika jambo ambalo wengi wa wakati wake hawakulitaka: kwamba sifa ya mpasuaji, umri wake na ufasaha wake si ushahidi, na kwamba waliokufa sharti wahesabiwe sawa na waliopona. Wanahistoria wa tiba huitaja kazi yake ya 1835 miongoni mwa chimbuko la utaratibu wa kupima tiba kwa takwimu.

Mwaka 1847 alichaguliwa kuwa mjumbe wa Akademia ya Sayansi. Wanafunzi walimjia kutoka nchi za nje, mmoja wao akiwa Henry Thompson wa London. Mwaka 1862 Civiale aliitwa kumtibu Mfalme Leopold I wa Ubelgiji, lakini akiwa na umri wa miaka 70 hakufanikiwa kummalizia tatizo lake. Mwaka uliofuata Thompson, mwanafunzi wake, ndiye aliyelisaga jiwe la mfalme.

Civiale alifariki mjini Paris Juni 1867, mwezi mmoja hivi kabla ya kutimiza miaka 75. Nafasi yake katika Hospitali ya Necker ilichukuliwa na Félix Guyon, aliyeifanya kuwa shule ya madaktari wa njia ya mkojo kutoka pembe nyingi za dunia.

Njia aliyoiacha haikuwa salama kwa kila mtu. Januari 1873 Napoleon III, mtawala wa Ufaransa aliyeng'olewa madarakani mwaka 1870, alisagiwa jiwe mara mbili na Thompson akiwa uhamishoni Uingereza. Alikufa Januari 9, kabla ya kikao cha tatu. Miaka mitano baadaye Henry Jacob Bigelow wa Boston alionyesha kwamba mgonjwa akitiwa usingizi, jiwe laweza kusagwa lote kwa kikao kimoja kirefu na vipande vyake kufyonzwa nje, badala ya kumrudisha tena na tena.

Leza ilikuja karne moja baada ya Civiale. Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza mwaka 1960 nchini Marekani, na mnamo 1968 watafiti waliijaribu leza ya aina hiyo kwa mawe ya mkojo. Jiwe lilivunjika, lakini joto lilikuwa kali mno kutumiwa mwilini. Mwaka 1980 madaktari wa Munich, Ujerumani, walianza kuvunja mawe ya figo kwa mawimbi yanayopigwa kutoka nje ya mwili. Leza zinazotoa mwanga kwa vipigo vifupi zilipata nafasi katika miaka ya 1980, na leza ya holmiumu ikaenea katika miaka ya 1990.

Uzi wa kioo unaoupitisha mwanga huo una unene wa sehemu chache tu za kumi za milimita. Hupenya hadi ndani ya figo, mahali ambapo chuma cha Civiale kisingefika kamwe. Nguvu ya mwanga hunyonywa na maji na jiwe lenyewe, na kila kipigo hulimega. Madaktari hutumia ufundi huo pia katika mfereji wa nyongo, pale jiwe linapokuwa kubwa mno kuvutwa na vyombo vya kawaida. Hatari za kale zingali zipo kwa kiwango kidogo: kutoboka kwa mrija, damu, na maambukizi yanayoweza kuingia katika damu.

Kuhusu idadi ya wanaopata matatizo hayo, kila hospitali makini huweka rekodi na kuilinganisha na ya wengine. Ndilo zoezi lililomgombanisha Civiale na wasomi wa Paris mwaka 1835.