Mwalimu Aliyegeuza Darasa Kuwa Redio

Wanachuo wenzangu, hasa sisi wa ualimu, kuna mwalimu mmoja ambaye watu wa redio wanamjua sana ila sisi tumemsahau. Ni Charles Herrold wa Marekani. Wengi walimwita Doc.

Alizaliwa mwaka 1875 jimboni Illinois. Aliingia Chuo Kikuu cha Stanford, maradhi yakamtoa kabla hajamaliza. Akaanzisha karakana San Francisco, nayo ikaharibiwa na tetemeko la ardhi la 1906. Jamaa hakukata tamaa. Akaenda Stockton kufundisha uhandisi.

Januari 1909 akafungua shule yake mwenyewe mjini San Jose, California, ndani ya jengo la benki. Vijana walikuja kujifunza kazi ya kutuma na kupokea ujumbe wa redio, kazi iliyokuwa na ajira melini. Doc hakutaka wakariri tu. Alitanda waya za antena juu ya paa, akawaachia wanafunzi mitambo waishike. Maikrofoni zilipata moto mpaka ikabidi zipozwe kwa maji!

Sasa, ukijaribu mtambo wa kurusha sauti lazima mtu aongee. Basi wakawa wanaongea na kupiga santuri. Vijana wa mtaani wenye redio za kujitengenezea wakanasa, wakazoea, wakaanza kusubiri. Kufikia 1912 matangazo yalikuwa na ratiba. Mkewe, Sybil, naye alishika kipindi, akiwapigia vijana santuri walizoomba. Zoezi la darasani likawa kituo cha redio, na wanafunzi wakapata wasikilizaji wa kweli.

Mwaka 1917 Marekani iliingia vitani na serikali ikafunga vituo vya raia. Vita vilipoisha, mitambo ya Doc ilikuwa imeshapitwa na teknolojia ya valvu. Alianza upya, akapata leseni ya kituo cha KQW mwaka 1921, lakini hela ikakata. Mwaka 1925 kituo kikaenda kwa kanisa moja la Kibaptisti. Uzeeni alikuwa fundi wa vifaa vya shule huko Oakland, kisha mfagiaji kwenye karakana ya meli. Alifariki 1948. Mwaka uliofuata kituo chake kikabadilishwa jina kuwa KCBS, na hadi leo kiko hewani.

Kwa nini nimeandika haya? Kwenye mazoezi ya kufundisha mwaka jana nilifundisha saketi ya umeme kwa kuchora ubaoni, maana kabati la maabara lilikuwa limefungwa. Mwanafunzi mmoja akaniuliza, hiyo balbu itawaka kweli? Nikamwambia itawaka. Hakuiona ikiwaka.

Doc alikufa bila mali, sawa. Lakini wanafunzi wake waliisikia sauti ikitoka. Mwaka huu nikirudi shuleni, nanunua betri, waya na balbu mimi mwenyewe, hata kama boom halijaingia.