SELOUS NA BUNDUKI ILIYOMHARIBIA SHABAHA

Askari aliyekabidhiwa bunduki yenye darubini hujiuliza: je, baada ya mishindo mingi, darubini itaendelea kuonyesha pale pale risasi inapofika? Swali hilo ni la haki. Hata hivyo, maisha ya Frederick Courteney Selous yatufundisha kwamba mshindo humpotosha mtu pia, wala si chombo peke yake.

Selous alizaliwa London tarehe 31 Desemba 1851. Alifika Afrika Kusini mwaka 1871, akawinda ndovu katika nchi ya Mfalme Lobengula. Silaha yake ilikuwa bunduki ya kushindilia kwa mdomo, yenye kurusha risasi ya robo ratili. Kati ya mwaka 1872 na 1874 aliua ndovu 78, lakini kila mlio ulimwumiza bega. Siku moja ilishindiliwa mara mbili kwa makosa. Ilipolia, ilimwinua na kumbwaga kifudifudi. Baadaye alikiri kwamba bunduki zile zilimdhoofisha neva na kumharibia ulengaji. Akaziacha, akatumia bunduki nyepesi za Gibbs wa Bristol.

Hatumsifu kwa yote, kwani mwaka 1890 aliwaongoza walowezi wa Rhodes kuingia Mashona. Akiwa na miaka 63 alijiunga na jeshi la Waingereza, akapigana Afrika Mashariki katika vita vile vile vilivyowaleta askari wa Wabelgiji hapa Bujumbura, Usumbura ya wakati ule, mwezi Juni 1916. Tarehe 4 Januari 1917, huko Beho Beho karibu na mto Rufiji, mdunguzi wa upande wa Wajerumani alimpiga risasi, akafa.

Nasi tufanyeje? Darubini madhubuti huhimili mishindo. Mara nyingi kinacholegea ni skrubu za vishikio vyake. Tuzikague, kisha tupige risasi chache uwanjani, bunduki ikiwa imeegemezwa. Zikitawanyika, mwenzetu hodari aipige bunduki hiyo hiyo. Zake zikitawanyika pia, fundi aitazame silaha. Zikikusanyika kando ya alama, darubini irekebishwe. Zikikusanyika juu ya alama, silaha ni nzima: sisi ndio tunaoshtuka kabla ya mlio, na dawa yake ni mazoezi. Tusione taabu kufanya hivyo, kwa maana risasi inayomkosa mhalifu mjini huweza kumpata raia.