HUYU ALIANZA NA TUMBO LA JIRANI

Kijana mwenzangu, najua unavyosema: kanisa ni kelele na sadaka tu, nyumbani hata unga hakuna. Ngoja basi nikwambie habari za William Booth.

Alizaliwa Nottingham, Uingereza, mwaka 1829. Baba alifilisika, naye akiwa na miaka 13 tu akawekwa kujifunza kazi kwenye duka la rehani, mahali maskini walipoleta vitu vyao wapate hela ya mkate. Mwaka 1865 akaanza kuhubiri mashariki mwa London. Kundi lake ndilo hili Jeshi la Wokovu, lililofika Kenya 1921.

Usiku mmoja wa 1887 akaona watu wamelala nje darajani, baridi kali. Hakuishia kuwaombea! Alimwambia mwanawe Bramwell afanye kitu, na 1888 wakafungua nyumba ya kulala na chakula cha bei ndogo.

Lakini linalonigusa mimi ni la viberiti. Viwanda vilitumia fosforasi nyeupe kwa sababu ni rahisi, na moshi wake uliozesha mataya ya wafanyakazi, wengi wao wasichana wa rika lako. Mwaka 1891 Booth akafungua kiwanda chake, akatumia fosforasi nyekundu, akalipa mshahara mzuri zaidi. Viberiti vyake vilikuwa ghali, baadaye kiwanda kikafungwa. Hata hivyo, 1908 serikali ikapitisha sheria kuikataza ile sumu. Booth alifariki 1912, amepofuka macho.

Sasa wewe, kwenu kuna mgonjwa? Hamjala? Mkutano ukiisha njoo nyuma ya jukwaa, utuonyeshe nyumba.