Eduardo Mondlane na Kifurushi cha Posta

Wasomaji wetu wa Same na wa milimani Upare wamesimuliwa na wazee wao habari za kodi ya mbiru. Mwezi Januari 1945 Wapare waliteremka kwa maelfu hadi Same, wakaketi kwa amani penye boma la Mwingereza, wakaikataa kodi ile. Hawakumiminiwa risasi. Tarehe 16 Juni 1960 watu wa Mueda, kaskazini ya Msumbiji, walikusanyika vivyo hivyo mbele ya boma la Mreno. Wao walipigwa risasi, na wengi wakafa. Asiyeyajua ya Mueda hawezi kumwelewa Dakta Eduardo Mondlane.

Alizaliwa tarehe 20 Juni 1920 huko Gaza, mwana wa mtemi wa Kitsonga, akachunga mifugo, akasomeshwa na misheni ya Waprotestanti kutoka Uswisi. Mwaka 1949 serikali ya ubaguzi ilimfukuza katika chuo kikuu cha Johannesburg. Akapita Lisbon, kisha Marekani, ambako alipata udaktari wa elimu mwaka 1960, akatumikia Umoja wa Mataifa, akawa mwalimu wa chuo kikuu. Mshahara ulikuwepo, na mke na watoto walikuwepo. Mtu wa namna hii angeweza kukaa.

Hakukaa. Tarehe 25 Juni 1962 vyama vitatu vya wakimbizi viliungana mjini Dar es Salaam kuwa FRELIMO, naye akachaguliwa kuwa rais wake. Vita vilianza tarehe 25 Septemba 1964. Twaona kwamba mtu huyu wa kalamu hakuikimbilia bunduki. Alifika kwake baada ya milango mingine kufungwa, na hata hapo alifungua shule kwa bidii ile ile aliyofungulia kambi.

Mwaka 1968 ulikuwa mchungu. Shule ya chama hapo Kurasini iliingia fujo, na katikati ya ugomvi alikuwamo padre wetu Mkatoliki kutoka Msumbiji, Mateus Gwenjere. Padre alitaka vijana wapelekwe masomoni ng'ambo. Mondlane alitaka kwanza walitumikie taifa lao vitani. Kila mmoja alikuwa na hoja yake, lakini maneno yaligeuka mapanga. Mwezi Mei watu waliivamia ofisi ya FRELIMO mjini, na Mateus Muthemba, mmoja wa viongozi, akafa kwa majeraha. (Gwenjere mwenyewe, baada ya uhuru, aliuawa na chama pasipo kufikishwa mbele ya mahakama. Nalo ni deni lisilolipwa.)

Asubuhi ya Jumatatu tarehe 3 Februari 1969 Mondlane alipitia ofisini kuchukua barua zake, kisha akaenda Oyster Bay, katika nyumba ya rafiki, ambako hupenda kufanya kazi kwa utulivu. Miongoni mwa barua kulikuwa na kifurushi chenye kitabu. Alipokifungua, bomu lililofichwa ndani likalipuka, akafa papo hapo. Alikuwa na umri wa miaka 48.

Polisi wetu walichunguza kwa msaada wa wenzao wa nchi za nje. Betri za bomu zilifuatiliwa hadi duka la Lourenço Marques, mji uitwao leo Maputo. Vitabu vingine viwili vya namna hiyo vilitumwa baadaye kwa wakubwa wenzake, vikatambuliwa mapema. Kidole kiliwaelekea makachero wa Ureno, nao baadhi ya wanachama walishukiwa kuwafungulia mlango. Hakuna aliyehukumiwa. Wauaji wa namna hii hawana haja ya kuonana na wamwuao. Tarishi huwachukulia dhambi yao bila kujua.

Alizikwa Kinondoni, Mwalimu Nyerere akiwapo kaburini. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, miaka 13 kamili tangu siku ile ya muungano. Baadaye mifupa yake ilihamishiwa Maputo, na tarehe 3 Februari huko ni Siku ya Mashujaa.