Stu Ungar: Msee wa Poka Aliyejua Karata Zako Kabla Uzifunue

Hebu jiweke hapa kwanza. Mezani kuna 3, 3, 7, King na Queen. Mkononi uko na 10 na 9, yaani huna kitu. Jamaa wa mbele yako anasukuma doh yote, dola 32,000. Wewe na mimi tungetupa karata twende tukale chapo.

Stu Ungar alifuata. Alikuwa anacheza na Mansour Matloubi, wawili tu. King ilipotoka, hakuna aliyeweka kitu. Sasa fikiria: msee ako na King angenyamaza? Na mwenye 7 angeogopa hizo picha mbili, hangesukuma yote. Kinachobaki ni mtu alikuwa anangoja foleni ikakataa, kama 4 na 5. Na ndizo Matloubi alikuwa nazo! Peya ya 3 ni ya wote, kwa hivyo 10 ya Stu ikabeba mzigo.

Huyu kijana wa New York, mzaliwa wa 1953, alianza na jini rami hadi watu wakakataa kucheza naye. Akaingia poka, akashinda ubingwa wa dunia 1980 na 1981. Halafu kokeini ikamshika vibaya. 1997 akarudi akiwa amechapa, akashinda tena, dola milioni moja.

Novemba 1998 alipatwa amekufa kwa chumba cha moteli Las Vegas, miaka 45. Pesa ya mazishi, mabeshte walichanga.