Hedley Verity: Nyota wa kriketi wa Yorkshire aliyefia vitani Italia

SEPTEMBA 1, 1939, siku ambayo majeshi ya Ujerumani yaliivamia Poland, mrushaji mpira Hedley Verity aliwatoa wapigaji saba wa Sussex kwa mikimbio tisa tu katika Uwanja wa Hove, kusini mwa Uingereza. Sussex wote walitoka wakiwa na mikimbio 33. Hakucheza tena mechi ya kaunti.

Verity alizaliwa Mei 18, 1905, Headingley, katika jiji la Leeds. Aliingia timu ya Yorkshire mwaka 1930, wakati gwiji Wilfred Rhodes akistaafu. Kama Rhodes, alirusha kwa mkono wa kushoto, polepole, akitegemea shabaha na akili kuliko nguvu.

Julai 12, 1932, alifanya jambo ambalo hadi leo hakuna aliyelifikia katika kriketi ya daraja la kwanza. Nottinghamshire walikwenda kula chakula cha mchana wakiwa na mikimbio 38, hakuna aliyetolewa. Waliporudi, Verity aliwatoa wote 10, na kwa mikimbio 10 pekee. Timu nzima iliishia 67, na Yorkshire wakashinda. Kwa wasioufahamu mchezo huu, ni sawa na mlinda mlango kuokoa penalti zote, kisha akafunga la ushindi.

Miaka miwili baadaye, katika Uwanja wa Lord's uliokuwa umenyeshewa mvua, aliwatoa Waaustralia 14 kwa siku moja. Huo ndio ulikuwa ushindi pekee wa England dhidi ya Australia uwanjani hapo katika karne yote ya 20. Don Bradman, mpigaji hodari kuliko wote, alitolewa naye mara nane katika mechi za Testi, idadi ambayo hakuna mrushaji mwingine aliyeifikia.

Vita haikumkuta usingizini. Tangu mwaka 1938, hali ya Ulaya ilipozidi kuchafuka, alianza kusoma vitabu vya kijeshi, hata alipokuwa ziarani Afrika Kusini na timu ya taifa. Wachezaji wengi walipewa kazi za kufundisha mazoezi ya viungo kambini. Yeye alichagua kupigana. Alijiunga na kikosi cha Green Howards, akapanda hadi cheo cha kapteni, na kupelekwa India, Uajemi na Misri.

Usiku wa Julai 19, 1943, aliiongoza kampuni yake kushambulia ngome za Wajerumani katika uwanda wa Catania, kisiwani Sicily. Risasi na mizinga iliwasha moto mashamba ya ngano, na askari wake wakaonekana wazi. Alipigwa kifuani. Hata hivyo, aliendelea kuwahimiza watu wake wasonge mbele.

Alitekwa akiwa majeruhi, akavushwa hadi bara la Italia, na akafariki hospitalini Caserta Julai 31, akiwa na umri wa miaka 38. Aliacha mjane, wana wawili na wiketi 1,956. Kaburi lake liko huko huko Caserta.