Carl Laemmle, Mdhamini wa Wageni

Kumdhamini mtu ni jambo zito, kwani mdhamini huweka rehani jina lake mwenyewe. Hapa Chamwino wageni wamezidi kufika tangu serikali ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, na mara nyingi atafutaye kazi au mkopo huulizwa mdhamini wake. Kwa hiyo yatufaa kuyajua maisha ya Carl Laemmle, mwanzilishi wa kampuni ya filamu ya Universal.

Alizaliwa tarehe 17 Januari 1867 katika mji mdogo wa Laupheim, kusini mwa Ujerumani, katika jamaa ya Kiyahudi. Mwaka 1884, akiwa kijana wa miaka 17, alivuka bahari kwenda Marekani. Alifanya kazi nyingi ndogo ndogo, hata akawa meneja wa duka la nguo katika mji wa Oshkosh. Mwaka 1906 alichukua akiba yake, akafungua jumba dogo la sinema Chicago. Picha za siku zile hazikuwa na sauti, basi hata mhamiaji asiyejua Kiingereza aliweza kuzifurahia.

Mwishoni mwa 1908 makampuni makubwa, pamoja na ile ya Thomas Edison, yaliungana ili kuitawala biashara yote ya sinema. Kila mwenye jumba alitakiwa kuwalipa dola 2 kwa juma. Laemmle alikataa, akaanza kutengeneza filamu zake mwenyewe mwaka 1909. Alishitakiwa mara nyingi, wala hakurudi nyuma. Na mwaka 1915 mahakama iliamua kwamba muungano ule ulivunja sheria. Yeye na wenzake walikuwa wameunda Universal mwaka 1912, na tarehe 15 Machi 1915 alifungua huko California mji mzima wa kutengenezea filamu.

Hakukosa kasoro. Aliwajaza jamaa zake katika kampuni hata akachekwa, na mwaka 1936 madeni yalimnyang'anya kampuni hiyo.

Lakini sifa yake kubwa ilikuwa bado. Wanazi walikuwa wameshika utawala Ujerumani mwaka 1933, wakawatesa Wayahudi, na jina lake likafutwa katika barabara ya Laupheim. Marekani nayo haikumpokea mkimbizi asiye na mtu wa kuapa kwamba atamtunza. Laemmle alitia sahihi hati za namna hiyo kwa ajili ya mamia ya watu, wengi wao si ndugu zake. Maofisa walipoanza kuzitilia shaka dhamana za mzee kama yeye, aliwasihi matajiri wengine nao wadhamini. Alifariki tarehe 24 Septemba 1939, majuma machache baada ya vita kuanza.

Mwaka 1948 kampuni yake ya zamani iliteketeza filamu zake nyingi zisizo na sauti. Kazi ya mikono yake ikawa majivu. Watu waliookoka kwa sahihi yake wakazaa watoto na wajukuu. Aliyekwisha kupata makao na amkumbuke anayebisha hodi.